Jina la Ile Ndefu

Zimeni simu zenu kidogo, na mwenye kikombe chake cha chai asikiweke mbali, maana hadithi hii ina swali mwishoni na mimi sina jibu lake. Niliisimulia Iringa, watu wakagombana. Nikaisimulia Singida, wakagombana zaidi. Leo ni zamu yenu.

Palikuwa na watu wanne, na kila mmoja alijaliwa kitu chake.

Wa kwanza alikuwa Elinami Kimaro, mpiga kinanda wa Machame. Huyu alijaliwa sikio lisilosahau. Ungempigia mluzi wimbo mmoja, mara moja tu, ukapotea miaka mingi, ukirudi angekupigia wote, na pale ulipokosea na yeye angekosea vilevile.

Wa pili alikuwa Bi Mashavu Bakari wa Tanga, mpiga dramu. Huyu alijaliwa mdundo. Wenzake wote wangeweza kupotea katikati ya wimbo, kila mtu na njia yake, lakini yeye angebaki palepale, na mmoja mmoja wangemrudia.

Wa tatu alikuwa Dominiki Mkude wa Morogoro, fundi wa mitambo. Huyu alijaliwa mikono. Kitu kilichoharibika, yeye hakukiita kibovu. Alikigeuza, akakitazama chini, akasema, "Hiki bado."

Na wa nne alikuwa Hizza Shekiondo, Msambaa wa Lushoto, mpiga gitaa. Kipaji cha Hizza kilikuwa kigumu kukieleza. Aliweza kuingia ndani ya wimbo wa mtu mwingine, akaupamba, akatoka, na mwenye wimbo akadhani amejipambia mwenyewe.

Hao wanne walikutana Tanga wakiwa vijana, wakaunda bendi wakaiita Ukungu. Wakati huo bendi nyingine zilipiga rumba na watu wakacheza mpaka viatu vikafumuka. Ukungu walipiga roki, tena si ile ya kuruka ruka. Walipiga roki ndefu, inayoanza kwa upole, ikageuka, ikapanda, ikabadilisha mwendo ghafla, ikatulia, halafu ikageuka tena. Watu wa Tanga waliibatiza "roki ya kona". Mtu alikuwa akiinua mguu kucheza, kabla hajaushusha, wimbo umeshakata kona, na mguu umebaki hewani.

Ugumu ulikuwa kwenye hesabu. Nyimbo zao hazikwenda kwa nne kama tulivyozoea, zilikwenda kwa saba, kisha zikarukia tano. Hizza alikuwa akipotea kila mara. Ni Mashavu aliyemwokoa. Alimwambia, "Wee Hizza, acha kuhesabu namba. Mama yangu ana mgahawa. Saba ni *ka-ri-bu-ni-cha-ku-la*. Tano ni *njo-o-ni-tu-le*. Ukiwa na njaa huwezi kupotea." Tangu siku hiyo Hizza hakupotea tena.

Katika nyimbo zao kulikuwa na mmoja mrefu kupita zote. Sehemu za kuimba walizitunga wote, lakini katikati palikuwa na safari ya gitaa ambayo Hizza aliitunga peke yake. Hawakuupa wimbo huo jina. Walisema tu, "Leo tunapiga ile ndefu?" Studio moja iliwakubali kuurekodi, ila kwa masharti: wakate safari ya gitaa, ili wimbo uenee upande mmoja wa santuri ndogo. Wakakataa. Mashavu ndiye aliyemjibu mwenye studio: "Ukikata kona moja, gari linaishia mtoni."

Basi ile ndefu haikurekodiwa, na baadaye maisha yakawatawanya. Elinami alipata kazi ya ualimu kwao, Mashavu akaolewa, Dominiki akaajiriwa kiwandani Morogoro. Hizza akaenda Dar es Salaam kuwa mpigaji wa kuitwa. Kazi hiyo ni hivi: studio inamwita, anafika na gitaa lake, anaambiwa wimbo ni huu, anapiga, anaaga. Alipigia waimbaji wa taarabu, akapigia kwaya, akapigia vijana wa muziki mpya ambao baba zao aliwapigia pia. Kwenye jalada liliandikwa jina la mwimbaji, la mtunzi, la mkuu wa bendi, halafu mwishoni, "na wengineo". Hizza aliishi ndani ya hao wengineo karibu maisha yake yote. Hakuwa na kinyongo. Alikuwa akipita mtaani, akisikia wimbo kwenye saluni, anatabasamu, anaendelea na safari yake.

Asubuhi moja, akiwa anafunga kamba za viatu, mkono wa kushoto ulimwacha. Kilikuwa kiharusi. Hospitali walimtibu vizuri, mguu ukarudi, ulimi ukarudi, lakini mkono ulirudi nusu. Kidole cha shahada na cha kati vilijikunja kidogo. Cha pete na cha mwisho vililala. Na kwa mpiga gitaa, mkono wa kushoto ndio unaotafuta sauti kwenye nyuzi. Mkono wa kulia unabisha hodi tu.

Kisha akagundua jambo lililomuuma zaidi. Alijaribu kuimba moyoni ile safari yake ya gitaa. Mwanzo ulikuwepo, na mwisho ulikuwepo, lakini katikati hapakuwa na kitu. Nyimbo za watu alizikumbuka zote. Ya kwake mwenyewe ndiyo iliyopotea.

Hizza hakukaa akalia. Aliwaza hivi: kama kitu chenye thamani kiasi hicho kinaweza kuondoka kichwani mwangu bila kuaga, basi na shukrani zangu zinaweza kuondoka. Kabla hazijaondoka, niwafikishie wenyewe. Akamwambia binti yake, "Nakwenda kuwashukuru watu niliopiga nao." Binti akamuuliza, "Baba, si upige simu?" Akajibu, "Shukrani ya simu inakatika."

Akachukua fimbo yake, akaanza na Machame.

Alimkuta Elinami uani, anapunguza majani ya migomba. Akamwita, hakugeuka. Akamwita tena, kimya. Alipomgusa bega ndipo Elinami akashtuka, akamtazama, akaanza kucheka.

"Hizza! Umezeeka vibaya!"

"Na wewe hujambo, Mwalimu."

"Sema polepole, uso huku. Nautazama mdomo. Masikio yangu yote mawili yamestaafu."

Mtu mwenye sikio kuliko watu wote aliowahi kuwafahamu alikuwa kiziwi. Lakini alikuwa amekuja na maneno yake, akayatoa, polepole, uso mbele. "Nimekuja kukushukuru. Unaikumbuka ile harusi ya Arusha? Uzi wangu ulikatika katikati ya wimbo, nami nilikuwa mgeni jukwaani, natetemeka. Wewe ukaizungusha sehemu ileile kwenye kinanda, ukaizungusha, ukaizungusha, mpaka nikafunga uzi mwingine. Watu wakadhani wimbo ndivyo ulivyo. Sikuwahi kukuambia asante."

"Bwana harusi alivaa suti ya kijani," akasema Elinami. "Na ulifunga uzi juu chini. Mimi sisahau, Hizza."

Hapo Hizza akamweleza habari ya mkono, na habari ya katikati iliyopotea. Elinami alinawa mikono, akamshika mkono, wakashuka naye mpaka kanisani. Mchana ule palikuwa na akina mama wawili tu wanapanga maua. Elinami akaketi kwenye kinanda kikuukuu, akapiga ile safari ya gitaa kutoka mwanzo hadi mwisho, na hakuruka kona hata moja. Alipiga kitu ambacho yeye mwenyewe hakukisikia. Akina mama wale wakaacha maua.

Mahali pamoja sauti haikutoka. Elinami akasema bila kugeuka, "Hapo ufunguo mmoja umekufa, eti? Kidole kimeniambia. Weka sauti yake mwenyewe."

Hizza alikaa Machame mpaka alipoweza kuuimba wote kwa mdomo. Elinami alikuwa akimwekea kiganja kifuani, akiusikiliza kwa mkono, na Hizza akiteleza anampiga kofi dogo la kifua: rudia. Siku ya kuagana, Elinami alimwambia, "Naamka nao kila asubuhi, unajua? Tangu masikio yazimike, ndio muziki pekee unaokuja wenyewe. Nenda ukaupige. Mimi sitausikia tena kwa nje, basi usikike kwa wengine."

Hizza akashuka mlima, wimbo wake wote kifuani, na hana mkono wa kuupiga.

Akaenda Tanga.

Bi Mashavu alikuwa mjane sasa, ana mgahawa alioachiwa na mama yake. Alimwona Hizza anakuja na fimbo, mkono mmoja umening'inia, akaweka mikono kiunoni.

"Wamekufanya nini?"

"Kiharusi, Bi Mashavu. Lakini sikuja kwa hilo. Nimekuja kukushukuru. Miaka yote ile studio, kila walipoweka wimbo mgumu mbele yangu, nilikuwa nakaribisha watu chakula moyoni. Bila hesabu yako ningeshaacha gitaa nikauza nazi."

"Asante nimeipokea," akasema Mashavu. "Sasa leta mkono."

"Daktari amesema—"

"Daktari amesema lake. Leta mkono."

Akauweka ule mkono juu ya meza ya barazani, akachukua mwiko, akaanza kugonga kidole kimoja kimoja. Ka-ri-bu-ni-cha-ku-la. Ka-ri-bu-ni-cha-ku-la. Hizza alipaswa kuinua kila kidole kilichoguswa. Siku za mwanzo hakikuinuka hata kimoja kwa wakati. Mashavu hakumhurumia. "Umechelewa. Wageni wameshakula. Tena."

Hizza alipanga chumba mtaa wa pili, na kila siku, baada ya wateja wa asubuhi, alikuwa barazani kwa Mashavu. Mvua zikaanza, zikaisha, wao wapo. Na watu, mnawajua watu. Wakaanza kusema. Mjane, mchana kweupe, ameshika mkono wa mwanamume asiye ndugu yake. Mwanawe mkubwa, Mbaraka, akaja.

"Mama, mimi sina neno na wewe. Lakini wanangu wanaulizwa shuleni."

"Wawajibu kwamba bibi anaufundisha mkono kuhesabu."

"Unaliaibisha jina la marehemu baba."

"Baba yako alinikuta na dramu, Mbaraka. Alinioa nayo."

"Basi sitawaleta watoto hapa mpaka huyu mzee aondoke."

Mbaraka hakuwa mtu wa maneno mepesi. Idi ilifika. Mashavu alipika tangu alfajiri, akatandika mkeka, akapakua, akangoja. Wajukuu hawakuja. Hizza alipopita jioni kumpa mkono wa Idi alizikuta sahani zimefunikwa kawa, akaelewa.

"Bi Mashavu, kesho naondoka. Sikuja kukuvunjia nyumba."

Mashavu akasema, "Ukiondoka sasa, nitakuwa nimewakosa wajukuu wangu bure. Weka mkono mezani."

Kidole cha pete hakikuamka, na cha mwisho hakikuamka. Lakini kile cha shahada na kile cha kati viliamka kwelikweli, vikawa na nguvu na wepesi kupita vilivyokuwa kabla ya ugonjwa. Mashavu alivitazama vinakimbia juu ya meza, akaweka mwiko chini. "Hivi viwili vitafanya kazi ya vinne," akasema. "Lakini si kwenye gitaa lolote ninalolijua. Nenda kwa Dominiki."

Hizza akaenda Morogoro.

Dominiki hakuwa mwongeaji ujanani na hakuwa mwongeaji uzeeni. Mkewe Perpetua alikuwa amefariki, watoto wako mbali, na yeye aliishi peke yake katikati ya redio na feni za watu. Hizza alimwambia, "Nimekuja kukushukuru kwa amplifaya ya kwanza, ile uliyoitengeneza kwa redio mbovu ya mjomba wako."

"Ilikuwa inakupiga shoti," akasema Dominiki.

"Ilinipiga sana. Lakini ilinipa sauti. Kabla yake nilikuwa napiga na hakuna anayenisikia."

Dominiki akatikisa kichwa, akavuta kiti. "Weka mkono hapa." Akaupima kwa penseli, akauchora kwenye ubao. Akamwambia anyooshe vidole viwili, avikunje, avipeleke mbali vinavyoweza kufika. Akaguna. "Gitaa ulilonalo liliundwa kwa mkono wa vidole vinne. Wewe una viwili. Kosa si la mkono."

Akafanya kazi. Hizza alilala chumba cha watoto, akawa anasikia randa na msasa mchana kutwa. Dominiki alitengeneza gitaa lenye shingo nyembamba na fupi, nyuzi zimelala chini zinashikika kwa mguso tu, na akazipangia sauti mpya kabisa, ili pale ambapo zamani vilihitajika vidole vinne, sasa viwili vifike. "Litakuwa zito kwa chini," akaonya. "Wimbo wako utashuka."

"Ushuke."

Alipolipokea, Hizza alilipakata, akapiga sehemu ya kwanza ya ile safari yake. Ilitoka. Ilikuwa ya polepole kuliko zamani, na nzito zaidi, lakini ilikuwa yenyewe. Alipiga mpaka jasho likamtoka. Kisha Dominiki akaleta ugali na mboga, wakaketi, na Hizza akaona mwenzake anaweka sahani magotini.

"Ile meza yenu ya mninga iko wapi? Niliiona siku niliyofika."

"Umeipakata," akasema Dominiki.

Ile meza Dominiki aliitengeneza kwa mikono yake mwaka aliomwoa Perpetua. Juu yake walikula miaka yote, wakafundishia watoto kusoma. Kilikuwa kitu pekee alichokataa kuwapa jamaa baada ya msiba. Dominiki akamsogezea mboga. "Mbao nyingine zilikuwa mbichi," akasema. "Zingepinda."

Sasa wimbo ulikuwepo, mkono ulikuwepo, gitaa lilikuwepo. Hizza akawaita wote watatu Dar es Salaam, kwenye studio ambayo aliipigia miaka mingi. Fundi wa sauti pale ni binti anaitwa Kulwa, ambaye hakuwa amezaliwa Ukungu walipovunjika. Aliwaamkia shikamoo mmoja mmoja, akawaletea viti vyenye migongo, akawauliza, "Wimbo una dakika ngapi, wazee wangu?"

"Weka wali jikoni," akasema Mashavu. "Ukiiva tutakuwa tunamalizia."

Wakapiga. Mashavu alikuwa na dramu ambazo hakuzigusa miaka mingi, na mara ya kwanza alipogonga alifumba macho. Elinami alipiga kinanda akimtazama Mashavu mikono, ili ajue walipo. Dominiki alikaa chini kando ya amplifaya, kama zamani, anaichunga. Na Hizza, kwa vidole viwili, akaingia katika safari yake ya gitaa, akapita kona ya kwanza, ya pili, akapita pale palipokuwa pamefutika kabisa kichwani mwake, akatokea upande wa pili. Walipomaliza, Kulwa alirudisha nyuma, akaufungulia kwenye spika kubwa. Elinami akainuka, akaweka viganja vyote viwili kwenye spika, akasimama hivyo mpaka mwisho, anatikisa kichwa.

Mtatamani niishie hapo. Lakini Kulwa akauliza swali lake.

"Babu Hizza, Ijumaa wimbo unakwenda redioni. Niandike unaitwaje?"

Wakatazamana. Ile ndefu haikuwahi kuwa na jina.

Hizza akasema, "Utaitwa kwa jina la mtu ambaye bila yeye usingekuwepo."

"Basi niandike majina yote matatu," akasema Kulwa.

"Hapana," akasema Hizza, na alisema kwa upole lakini alimaanisha. "Mwanangu, mimi nimeishi kwenye 'na wengineo'. Najua majina yakirundikwa huwa hivi: mtangazaji anasoma la kwanza, la pili analimeza, la tatu linakatwa na tangazo. Nikitoa shukrani, nataka nitoe nzima. Jina moja, na lisikike lote."

"Basi uite Ukungu," akasema Kulwa.

"Ukungu haukunishika mkono. Aliyenishika ni mtu."

Kulwa akaegemea kiti. "Mtu gani sasa?"

Mashavu ndiye aliyeanza, maana hajui kuficha. "Mimi nalitaka. Nisiseme uongo nikajifanya sitaki. Wimbo ungebaki kifuani mwako kama kikohozi kama si mimi. Hata mwendo wake wa sasa, huu wa polepole, ni mwendo niliokufundisha kwa mwiko. Na mwanangu alisema naliaibisha jina. Mpaka leo sijawaona wajukuu. Nataka aketi kwake Ijumaa, asikie jina la mama yake linatajwa kwa heshima na watu wasiomjua. Labda ataleta watoto. Labda hataleta. Lakini atalisikia."

Elinami alikuwa amemtazama mdomo tangu mwanzo, hakukosa neno. Akasema, "Mashavu amesema kweli yote. Na mimi niseme yangu. Mkono ungeamka, sawa, ungepiga nini? Nyimbo za watu. Hii ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani, humu." Akagusa kichwa. "Niliitunza katika kimya, wala hapakuwa na mtu aliyeniomba niitunze. Ninyi mtausikia wimbo Ijumaa. Mimi sitausikia. Lakini jina langu nikiliona mdomoni mwa mtu, nalisoma. Hicho ndicho kipande cha wimbo huu ambacho bado kinaweza kunifikia."

Wote wakamgeukia Dominiki, ambaye alikuwa anakunja nyaya.

"Mimi langu silitaki," akasema.

Mashavu akashusha pumzi. Lakini Dominiki hakuwa amemaliza.

"Wimbo upo kichwani mwa Elinami, na vidole viwili Hizza anavyo. Bila gitaa hili angekaa anagonga meza za watu mpaka leo. Na gitaa hili ni meza ya Perpetua. Nilipoishikia msumeno nilimwomba ruhusa kwa sauti, peke yangu ndani ya nyumba. Nilimwambia, haitapotea, itaanza kuimba. Basi kama ni jina, uitwe Perpetua. Hakuna mahali pengine ambapo jina lake litasemwa tena isipokuwa kaburini."

Mashavu akafuta macho kwa pembe ya khanga. Akasema, "Dominiki, ungenyamaza tu kama kawaida yako." Wakacheka wote wanne, na Kulwa naye akacheka huku analia.

Kisha Kulwa, kwa vile ni mtu wa kazi, akajaribu kuamua. Akasema kwake yeye ni Mwalimu Elinami, kwa kuwa aliyetunza kitu ndiye wa kwanza. Halafu akawakumbuka wale wajukuu ambao hawajaonekana, akasema hapana, Bi Mashavu, kwa kuwa wenzake walitoa walichokuwa nacho, yeye alitoa watu. Halafu akalitazama gitaa pale kwenye kiti, mbao zake nyekundu, akaanza kusema Perpetua. Lakini je, mtu ambaye hakuwahi kumwona Hizza, aliyelala Morogoro, anaweza kulipwa shukrani za wimbo? Na kama hawezi, meza ilikuwa ya nani?

Hizza aliwatazama wenzake. Alikuwa ametoka nyumbani kwenda kulipa shukrani za zamani, na kila mlango alioupigia hodi ulimwongezea nyingine. Akasema, "Niliowapigia ni wengi, na wote waliniambia asante, Hizza, wakafunga mlango vizuri. Ninyi mmenifungulia. Nikisema jina moja hapa, msidhani nimesahau mawili."

"Hatutadhani," akasema Elinami.

"Mimi nitadhani kidogo," akasema Mashavu, "lakini nitakula nanyi."

Wali ulikuwa umeiva kweli. Mlinzi wa studio aliupika. Kulwa akaweka vidole kwenye kibodi yake, mbele ya mahali palipoandikwa *jina la wimbo*, pakiwa patupu. "Babu," akasema, "nakungoja."

Nami naishia papo hapo, wala msinivute shati. Wewe uliyeketi karibu na mlango, ambaye umekuwa ukitikisa kichwa tangu Morogoro, anza wewe. Halafu mama mwenye kitenge cha njano, najua hutakubaliana naye. Ijumaa haiko mbali, na wimbo hauwezi kwenda redioni bila jina. Mnalitaja la nani: la aliyeutunza, la aliyeuamshia mkono, au la mwenye meza?